Kuifufua Injini Kuukuu na Kuifunga Turbo

Gari aina ya Peugeot 504 lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Katika Afrika Mashariki lilijipatia sifa ya namna nyingine, nayo ni ustahimilivu. Lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975, na aina yake yenye silinda sita ikashinda tena mwaka 1978. Liliunganishwa pia Kenya na Nigeria, na ndiyo maana mafundi wengi wa sehemu hizo walijifunzia kazi yao juu ya injini yake.

Wapo wenye magari ya aina hiyo wanaotamani mambo mawili kwa pamoja: kuifufua injini iliyochoka, na kuiongezea nguvu kwa kuifunga turbo, katika banda la nyumbani. Jambo la kwanza liko ndani ya uwezo wa fundi yeyote mwenye subira na vipimo sahihi. Jambo la pili limekwisha kuunguza pistoni nyingi. Aghalabu hasara hiyo haitokani na uhaba wa spana, bali na uhaba wa hesabu. Somo hili laeleza hesabu hizo, kisha laonyesha jinsi zinavyoongoza kazi ya mikono.

Injini hula hewa

Injini ya petroli ya Peugeot 504 inayozungumziwa hapa ina silinda nne. Upana wa kila silinda ni milimita 88, na mwendo wa pistoni ni milimita 81. Msomaji akizidisha eneo la duara kwa mwendo huo atapata sentimita za ujazo 493 hivi kwa silinda moja, na 1,971 kwa silinda zote nne.

Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake wote mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, ingevuta karibu lita 4,900 za hewa. Lakini hewa haina wakati wa kutosha kuzijaza silinda. Tuseme hujaza sehemu 80 kwa mia. Hiyo ni hewa yenye uzito wa kilo 4.6 hivi kwa kila dakika. Kilo moja ya petroli hutaka kilo 12 mpaka 13 za hewa injini inapofanya kazi kwa nguvu zote. Kwa hiyo injini hii haiwezi kuunguza zaidi ya gramu 370 za petroli kwa dakika, yaani nusu lita. Katika joto linalotoka humo, karibu robo tu hugeuka kuwa kazi. Ukikokotoa utapata takriban kilowati 68, au nguvu za farasi 90.

Funzo ni hili: nguvu ya injini haizuiwi na petroli, maana petroli waweza kumimina upendavyo. Huzuiwa na hewa. Anayetaka nguvu zaidi hana budi kuingiza hewa nyingi zaidi katika silinda zile zile.

Asili ya turbo

Karibu theluthi moja ya joto la petroli hutoka na moshi katika ekzosi na kupotea. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza ya wazo la kuutumia moshi huo. Moshi huzungusha tabo. Tabo hiyo imeungwa kwa mhimili mmoja na gurudumu lenye mapanga upande wa pili, nalo hushindilia hewa safi ndani ya injini. Mhimili huo huweza kuzunguka mara 100,000 na zaidi kwa dakika.

Matumizi ya mwanzo hayakuwa ya anasa. Ndege zilipopanda juu zilipoteza nguvu kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Mwaka 1918 Sanford Moss wa Marekani alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha mita 4,300 hivi, akaonyesha kwamba turbo yaweza kuirudishia injini nguvu iliyonyang'anywa na mwinuko.

Magari madogo yaliyouzwa kwa watu yalipata turbo mwaka 1962, nayo yalikuwa Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder ya Marekani. Historia ya Jetfire ni somo peke yake. Watengenezaji waliacha uwiano wa mgandamizo ukiwa mkubwa, 10.25 kwa 1, na ili injini isiharibike wakaweka chombo cha kunyunyizia maji yaliyochanganywa na spiriti. Wenye magari walisahau kukijaza, matatizo yakazidi, na baada ya mwaka 1963 mtambo huo ukaachwa. Kampuni ya BMW ilipotoa gari lake la 2002 Turbo mwaka 1973 ilifuata njia nyingine: uwiano ulishushwa mpaka 6.9 kwa 1. Katika Safari Rally yenyewe, Toyota Celica yenye turbo ilishinda mwaka 1984, ikarudia 1985 na 1986.

Joto linalofuatana na mgandamizo

Kila aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa ikigandamizwa hupanda joto, na hewa yenye joto hutanuka. Kwa hiyo sehemu ya faida ya turbo huliwa na joto lake yenyewe.

Uchukuliwe mfano wa pwani, ambako kanieneo ya hewa ni kilopaskali 100 hivi, na joto ni nyuzi 27 za Sentigredi. Turbo inaongeza kilopaskali 40. Mtu asiyefanya hesabu atadhani amepata hewa zaidi kwa sehemu 40 kwa mia. Lakini turbo yenye ufanisi wa 65 kwa mia itaipandisha hewa hiyo mpaka nyuzi 74 hivi, na ongezeko halisi la uzito wa hewa litakuwa 21 kwa mia tu. Hewa hiyo ikipitishwa katika kipoza hewa, ambacho umbo lake ni kama la rejeta, ikashuka mpaka nyuzi 45, ongezeko litafika 32 kwa mia. Ndiyo kusema kipoza hewa si pambo.

Kugonga kwa injini

Kuna sababu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, ya kuliogopa joto hilo. Pistoni inapopanda hugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli na kuupasha moto. Ikiwa uwiano ni 8 kwa 1, na mchanganyiko umeanza na nyuzi 57, mwisho wa mgandamizo utafika karibu nyuzi 343. Ukianza na nyuzi 46 zaidi, kama inavyotokea turbo isipokuwa na kipoza, utafika nyuzi 429. Nyongeza ya nyuzi 46 mlangoni imezaa nyuzi 86 ndani.

Plagi inapotoa cheche, moto hutakiwa kuenea kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi ukutani. Lakini ule mchanganyiko wa mwisho, ambao bado haujafikiwa na moto, huzidi kugandamizwa na kupashwa. Joto lake likipita kiasi hulipuka wenyewe kwa ghafula. Huko ndiko kugonga. Sauti yake ni kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mawimbi ya mlipuko huo huondoa tabaka jembamba la gesi tulivu linaloikinga pistoni, na aluminiamu, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 660, huanza kulika. Fundi akifungua hukuta kingo za pistoni zimetafunwa, au kichwa chake kimetoboka. Katika injini yenye turbo kazi hiyo yaweza kumalizika kwa sekunde chache, na pengine mngurumo wa gari huificha sauti ya onyo.

Njia za kuzuia ni nne: kushusha uwiano wa mgandamizo, kuipoza hewa, kuchelewesha cheche, na kutumia petroli yenye okteni kubwa. Zamani okteni ilipandishwa kwa risasi, dawa iliyogunduliwa na Thomas Midgley na wenzake mwaka 1921. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Petroli ya namna hiyo iliondolewa katika Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na duniani kote kwa matumizi ya magari mwaka 2021. Mwenye injini ya zamani lazima akumbuke kwamba risasi ililinda pia vikalio vya valvu. Akifungua kichwa cha silinda akague kama vikalio hivyo ni vya chuma kigumu.

Kuifumua injini

Kazi ya kufufua na kazi ya kufunga turbo zisifanywe siku moja. Injini ifufuliwe kwanza, itembee kilomita 1,000 hivi bila turbo, ndipo hatua ya pili ifuate. Hivyo kosa la kazi ya kwanza halitafichwa na kazi ya pili.

1. Kabla ya kushusha injini, pima kompresheni ya kila silinda. Ikiwa ni ndogo, mimina kijiko cha oili katika tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda, kasoro iko katika ringi au silinda. Kisipopanda, shaka iende kwenye valvu au gasketi.

2. Silinda za injini hii si matundu yaliyochongwa katika bloku. Ni mirija ya kutoa na kutia, inayozungukwa na maji na kuzibwa kwa pete chini yake. Kichwa cha silinda kikisha kuondolewa, mhimili mkuu usizungushwe mpaka mirija imekazwa kwa vibano. La sivyo pistoni huinyanyua, pete huachia, na maji huingia katika oili.

3. Kila kifuniko cha beringi kina mahali pake na upande wake. Vitiwe alama kabla ya kufunguliwa, wala visibadilishane.

4. Shingo za mhimili mkuu zipimwe kwa maikromita katika sehemu mbili na pande mbili. Tofauti huonyesha kwamba shingo imekuwa yai au imechongoka. Kazi ya kuchonga ipelekwe kwa mwenye mashine. Banda la nyumbani haliiwezi.

5. Mirija mipya ikitiwa, kimo chake juu ya uso wa bloku kipimwe. Kimo hicho ni sehemu chache za mia za milimita, na kipimo halisi hutolewa na kitabu cha mtengenezaji. Mrija ulio chini ya wenzake hautakazwa na gasketi, na chini ya turbo gasketi itaungua hapo.

6. Nafasi kati ya ncha za ringi ipimwe kwa fila geji, ringi ikiwa ndani ya silinda. Ringi ya chuma ikipata joto la nyuzi 100 zaidi ya silinda yake hurefuka karibu milimita 0.3. Nafasi ikiwa haitoshi ncha hugongana, ringi hukwama, na ukingo wa pistoni huvunjika. Kanuni ya kuanzia kwa upana wa milimita 88 ni nafasi ya 0.35 kwa injini ya kawaida na 0.44 kwa yenye turbo.

7. Bolti za kichwa zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, kwa awamu, kutoka katikati kwenda pembeni.

8. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, toa plagi na uzungushe injini kwa staata mpaka taa ya oili izimike. Beringi kavu huharibika katika dakika ya kwanza ya maisha yake.

Kukokotoa uwiano wa mgandamizo

Uwiano wa mgandamizo haukisiwi, hupimwa. Kichwa cha silinda hugeuzwa juu chini, valvu na plagi zikiwa mahali pake. Juu yake huwekwa kioo kilichotobolewa tundu dogo na kupakwa grisi kandokando, kisha mafuta ya taa humiminwa kwa bomba la sindano lenye alama za ujazo mpaka chumba kijae. Kwa ujazo huo huongezwa ujazo wa unene wa gasketi na wa shimo lililo juu ya pistoni.

Silinda yenye sentimita za ujazo 493 na uwiano wa 8 kwa 1 ina chumba cha sentimita 70, maana 493 kugawa kwa 7 ni 70. Kwa uwiano wa 7 kwa 1 chumba kinatakiwa kiwe 82. Fundi wa haraka huongeza unene wa gasketi. Lakini milimita moja ya gasketi huleta sentimita 6 tu za ujazo. Ili kupata 12 ingehitajika nyongeza ya milimita mbili nzima. Gasketi nene namna hiyo haishiki vizuri, na tena hufanya mchanganyiko usivurugike inavyopasa pistoni inapofika juu, jambo linaloleta kule kugonga kulikokuwa kunakimbiwa. Njia iliyo bora ni pistoni imara zenye shimo kichwani.

Kuifunga turbo

Turbo hufungwa juu ya manifoldi ya chuma kizito, kwa kuwa bomba jembamba hupasuka kwa joto. Oili huletwa na mrija mwembamba wenye kanieneo, lakini hurudi kwa uzito wake tu. Kwa hiyo mrija wa kurudisha uwe mpana, uteremke bila kujikunja, na uingie katika karai la injini juu ya kimo cha oili. Mrija huo ukiziba, oili huvuja katika vizibo na gari hutoa moshi wa buluu, na mwenye gari hudhani ringi zimekufa.

Kabureta ikiwekwa baada ya turbo, hewa yenye kanieneo hupita ndani yake. Hapo chumba cha bakuli lake lazima kipate kanieneo ile ile, na pampu ya petroli iizidi kwa kilopaskali 20 mpaka 30. Pasipo hivyo petroli hukoma kutoka wakati injini inapoihitaji mno, mchanganyiko hukonda, na pistoni huyeyuka. Shafti na vizibo vya kabureta vikaguliwe pia, maana petroli inayovuja juu ya ekzosi yenye moto ni ajali inayongoja saa yake.

Cheche icheleweshwe. Kanuni ya kuanzia ni digrii moja kwa kila kilopaskali 7, yaani karibu digrii 6 kwa kilopaskali 40. Mlango wa kupitisha moshi kando ya tabo, unaofunguliwa na kiwambo na springi, ni wa lazima; bila huo hakuna kinachoizuia turbo kuzidi kushindilia. Na baada ya safari ndefu, injini iachwe inguruma polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iliyo katika mhimili wenye moto isigeuke masizi.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa

Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na kanieneo yake ni karibu kilopaskali 82. Gari lisilo na turbo hupoteza huko karibu moja ya tano ya nguvu zake. Fundi wa Nairobi anayeongeza kilopaskali 20 anafikia 102, yaani amelirudisha gari pwani. Mzigo juu ya pistoni hauzidi ule uliokusudiwa na mtengenezaji, ingawa joto la hewa hupanda kwa karibu nyuzi 29 na kuhitaji tahadhari. Kwa injini kuukuu, hiyo ndiyo turbo yenye busara.

Hatari yaja kwa anayeongeza 40. Nairobi hupata 122, naye hurekebisha petroli na cheche mpaka injini itulie. Kisha anateremka Mombasa. Springi ya mlango haijui kimo cha nchi. Inachojua ni tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Itaruhusu 40 zile zile juu ya 100, yaani 140. Saa ya kipimo itaonyesha namba iliyozoeleka, kumbe silinda zinapokea sehemu 15 kwa mia zaidi, katika hewa ya joto, kwa marekebisho ya milimani. Injini iliyotulia Nairobi itagonga kabla ya kufika Mombasa, na dereva hatajua kwa nini. Kwa hiyo marekebisho ya mwisho ya injini yenye turbo yafanywe mahali pa chini kabisa litakapofika gari, na siku ya joto.

Breki na usalama

Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa lina nguvu zaidi kwa 44 kwa mia kuliko lile la kilomita 100, na nguvu hiyo yote hugeuzwa joto na breki. Yeyote aongezaye kasi pasipo kukagua breki, matairi na usukani amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayolinda roho za watu.

Bandani, gari lisiachwe juu ya jeki peke yake, bali liwekwe stendi imara. Injini isiwashwe mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Gasketi, klachi na breki za magari ya zamani mara nyingi zina asbesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa hewa bali lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuongeza petroli bila kuongeza hewa hakuongezi nguvu?
2. Silinda yenye sentimita za ujazo 400 inatakiwa iwe na uwiano wa 9 kwa 1. Chumba chake kiwe na ujazo gani?
3. Turbo huongeza kilopaskali 30. Je, silinda hupokea kanieneo gani Nairobi, na gani Mombasa?
4. Kompresheni ya silinda moja ni ndogo, wala haipandi baada ya kumimina oili. Fundi aanze kukagua wapi?

Majibu: (1) Kila kilo ya petroli huhitaji kilo 12 au zaidi za hewa, petroli inayozidi hutoka bila kuungua. (2) Sentimita za ujazo 50. (3) Kilopaskali 112 Nairobi, na 130 Mombasa. (4) Valvu, vikalio vyake, na gasketi ya kichwa.